Kisangani: majeshi mawili, mshtakiwa mmoja

Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, mji wa Kongo, na raia kwa mamia wakafa. Kila ninapofundisha sheria ya kimataifa naulizwa: mbona aliyehukumiwa ni Uganda peke yake?

Jibu ni ridhaa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, haiburuzi nchi kizimbani. Husikiliza kesi za nchi zilizokubali kuhukumiwa nayo. Uganda ilitoa tamko la kuikubali mwaka 1963, muda mrefu kabla ya vita. Rwanda haikutoa. Kongo ikajaribu kupitia Mkataba wa Mauaji ya Kimbari, lakini Rwanda ilipojiunga nao ilikataa kufungwa na ibara ya 9, ile inayoipa mahakama mamlaka. Februari 2006 majaji wakasema kesi hiyo hawawezi kuisikiliza.

Hawakusema Rwanda haina hatia. Waliandika wazi kwamba nchi hubaki na wajibu wake kisheria, iwe imeikubali mahakama au haijaikubali. Inaniuma kuona kukosa mamlaka kunasomwa kama kusafishwa.

Uganda ilipatikana na hatia Desemba 2005. Fidia ilipangwa Februari 2022: dola milioni 325, ilhali Kongo ilidai zaidi ya bilioni 11. Kati ya hizo milioni 325, milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu. Mama aliyezika mwanawe Kisangani alingoja takriban miaka 22 kusikia tarakimu tu, na ucheleweshaji huo sina namna ya kuutetea. Hata hivyo Uganda ilianza kulipa mwaka huohuo, dola milioni 65 kwa awamu. Nchi kumlipa jirani kwa sababu ya hukumu, bila bunduki kuelekezwa kwake, ni jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia.

Sasa naitazama Arusha. Kongo imeishtaki Rwanda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kuhusu vita vya mashariki. Rwanda ilipinga mamlaka, lakini safari hii imo ndani ya itifaki iliyoiunda mahakama yenyewe, na itifaki hiyo inaruhusu nchi kuishtaki nchi. Juni 2025 majaji wakaamua kwamba wanayo mamlaka. Kiini cha kesi ndicho kinachofuata.