Gari la kompyuta haliongezewi taimingi kwa spana

Gari likianza kuwa zito kwenye mlima wa kwenda Marangu, madereva wengi wa hapa Moshi humwambia fundi: "Niongezee taimingi kidogo," yaani cheche inayowasha mafuta iwahi zaidi. Enzi za distributa, kifaa kilichogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, ombi hilo lilikuwa na maana. Fundi alilegeza bolti, akazungusha, akasikiliza mlio, akakaza. Tatizo lilikuja gari hilo liliposhuka Dar es Salaam: kule hewa ni nzito, silinda inajaa zaidi, mchanganyiko unaungua haraka, na injini inaanza kugonga.

Magari ya sasa hupanga taimingi yenyewe. Kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna gurudumu la meno, mara nyingi la nafasi 60, huku meno mawili yakiwa yameondolewa makusudi. Kila jino likipita mbele ya sensa, krenki imegeuka nyuzi 6, na lile pengo ndilo linaloijulisha kompyuta pistoni zimefika wapi. Kompyuta hupima pia hewa inayoingia na joto la injini, ndipo iamuru koili, inayozalisha umeme wa plagi, itoe cheche. Cheche hutangulia kabla pistoni haijafika juu kabisa, maana moto unahitaji muda kusambaa. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki hugeuka nyuzi 18 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde! Ndiyo maana mizunguko ikiongezeka, cheche huwahishwa.

Sensa ninayowaombea heshima zaidi ni ile ya kugonga, iliyofungwa kwenye bloku, mwili wa injini wenye silinda. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hujilipukia ndani ya silinda, na ndiko kugonga kwenyewe. Sensa ikinasa mtikisiko wake, kompyuta huchelewesha cheche kuokoa pistoni. Sensa yenyewe ikifa, kompyuta nyingi huchelewesha cheche kwa tahadhari. Gari linakosa nguvu, linakula mafuta, na mwenye gari ananunua plagi na pampu bure.

Kwa hiyo taa ya injini ikiwaka, fundi apime kwa mashine inayosoma namba za hitilafu kwenye kompyuta kabla ya kufungua chochote. Namba P0325 inaelekeza kwenye sensa ya kugonga au waya wake, P0335 kwenye ya krenki. Akiweka sensa mpya ya kugonga, asugue kutu pale inapokaa, kisha akaze kwa toki spana, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji. Ikikazwa kwa kubahatisha, husoma vibaya. Kama hakuna namba yoyote na injini bado inagonga mlimani, anza na mafuta uliyojaza, kisha alama za mkanda wa taimingi.