Chaneli za kalsiamu kwenye seli za neva, na dawa zinazozifunga

Chaneli ya kalsiamu ni mlango wa protini uliopenya utando wa seli. Huruhusu ioni za kalsiamu, yaani chembe zenye chaji ya umeme, kuingia na kukataa karibu kila kitu kingine. Katika neva, anayeufungua ni umeme. Neva ikitulia, ndani yake huwa kama milivoliti 70 chini ya nje. Msukumo ukifika tofauti hiyo hutoweka ghafla, protini hubadili umbo, na mlango hufunguka kwa muda mfupi mno.

Aliyewahi kusimama kwenye ukuta wa bwawa la Mtera, pale Dodoma inapopakana na Iringa, anajua kwamba lango likiinuliwa maji hayahitaji kusukumwa. Kalsiamu huru iliyo nje ya seli ni takriban mara 10,000 ya iliyo ndani. Ila mfano wa bwawa unakomea hapo, maana kalsiamu haiingii kuzungusha mtambo; inaingia kama agizo. Kwenye ncha ya neva kuna vifuko vya kemikali za mawasiliano, na kalsiamu ndiyo inayoviamuru vimwage. Vipimo vilivyofanywa kwenye misuli ya chura vilionyesha kwamba umwagaji huo hufuata karibu kipeo cha nne cha kalsiamu: punguza kalsiamu kwa nusu, na kinachomwagika kinaweza kushuka hadi karibu 1/16. Ndiyo maana dawa inayoubana mlango kidogo tu hutuliza neva, na ikizidi kidogo tu hudhuru.

Hilo linaonekana wazi kuliko popote katika wodi ya wazazi, iwe Kongwa, Mpwapwa au Dodoma mjini. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti. Utaratibu uliozoeleka ni gramu 4 mshipani polepole, pamoja na gramu 5 kwenye kila tako, kisha gramu 5 kwenye tako moja kila baada ya saa 4. Magnesiamu ina chaji sawa na ya kalsiamu, hivyo huugombania mlango uleule bila kufanya kazi ya kalsiamu ndani. (Namna inavyozuia degedege lenyewe inahusisha pia milango mingine ya ubongo.) Ikijaa mwilini, neva hushindwa kumwaga asetilikolini, kemikali ya mawasiliano inayoamuru misuli, kwenye misuli. Goti huacha kuruka linapogongwa. Baadaye pumzi nazo hufifia. Kwa hiyo kabla ya kila dozi muuguzi huhakikisha goti linaruka, pumzi hazipungui 16 kwa dakika, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa, kwa kuwa dawa hii hutolewa na figo. Kimoja kikikosekana, dozi isitolewe. Pumzi zikisimama, mama asaidiwe kupumua mara moja na apewe gramu 1 ya kalsiamu glukoneti, yaani mililita 10 za myeyusho wa asilimia 10, polepole mshipani. Kalsiamu inarudishwa kwa wingi ili ishinde mlangoni.

Milango hii ni ya aina kadhaa, zinazoitwa kwa herufi. N na P/Q zimekaa kwenye ncha za neva. L imejaa moyoni na kwenye misuli ya mishipa ya damu. T hufunguka kwa badiliko dogo la umeme. Amlodipini na nifedipini, dawa za presha, hufunga aina ya L, kwa hiyo usitegemee zitulize miguu inayowaka moto kwa maumivu ya neva. Wala hazinyonyi kalsiamu ya mifupa, na hakuna sababu ya kuacha maziwa. Zabibu za Dodoma pia hazina kosa: tunda linalopandisha nifedipini kwenye damu ni balungi, ambalo jina lake la Kiingereza, grapefruit, limebeba neno la zabibu, grape.

Kwa maumivu ya neva, kama yale ya kisukari, hutumika gabapentini na pregabalini. Hizi hazizibi tundu. Hushika kipande cha pembeni cha mlango kiitwacho alfa-2-delta, hivyo milango michache zaidi hufika kwenye ncha ya neva. Hutoka kwa figo, hivyo mwenye figo dhaifu apunguziwe dozi. Zikichanganywa na tramadoli (dawa kali ya maumivu) au pombe zinaweza kukandamiza pumzi, na zikiachwa ghafla huleta shida. Zipunguzwe kwa wiki moja au zaidi. Zikonotidi, dawa nyingine ya maumivu, iliyotokana na sumu ya konokono wa baharini Conus magus na kuidhinishwa Marekani mwaka 2004, huziba tundu la N lenyewe, lakini lazima ipelekwe kwa pampu kwenye maji ya uti wa mgongo.

Aina ya T ndiyo inayolengwa na ethosuksimidi, dawa ya kifafa, kwa mtoto anayeganda ghafla darasani kwa sekunde kadhaa, macho yamekodoa, kisha anaendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Karbamazepini, dawa nyingine ya kifafa inayofunga milango ya sodiamu, inaweza kuzidisha kifafa cha namna hiyo. Mzazi akiweza, amrekodi mtoto kwa simu wakati ameganda, video hiyo aende nayo kliniki.