Ziwa Limefika Wapi? Kusoma Ukingo wa Maji kwa Picha za Setilaiti

Mwishoni mwa mwaka 2009 Ziwa Naivasha lilikuwa limenywea vibaya. Maji yalirudi nyuma, tope likakauka, na palipokuwa na samaki pakaota nyasi. Kisha mvua zilirejea, mito ya Malewa na Gilgil ikajaa, ziwa likaanza kupanda. Kufikia 2020 maji yalikuwa ndani ya nyumba za mtaa wa Kihoto. Mwaka 2025 yaliingia tena, na baadhi ya familia zikahamishwa kwa mashua. Kaskazini zaidi, Ziwa Baringo lilikuwa limekwisha kumeza hoteli na majengo mengine ya Kampi ya Samaki, na Ziwa Nakuru likafunika lango kuu la hifadhi.

Kuhusu chanzo, wataalamu bado wanajadili uzito wa kila jambo: mvua nyingi, udongo unaosombwa kutoka milimani, na mwendo wa maji chini ya ardhi katika Bonde la Ufa. Sisi tunaoshughulika na picha za setilaiti tuna kazi ndogo kuliko hiyo, nayo ni kuonyesha maji yalikuwa wapi na tarehe gani. Naamini kwa dhati kwamba kazi hiyo, ikifanywa kwa uangalifu na matokeo yake yakiwekwa wazi, ingewaepusha watu wengi kununua ploti ndani ya ziwa.

Setilaiti za Landsat za Marekani zimeipiga dunia picha tangu 1972, na tangu 2008 hazina yake yote ni ya bure. Picha zake tunazozitegemea zaidi zina pikseli, yaani vijiraba vinavyounda picha, za mita 30 kwa 30. Mwaka 2015 Ulaya ilirusha Sentinel-2, yenye pikseli za mita 10. Sasa chukua ploti ya futi hamsini kwa mia, ile ambayo kila Mkenya anaijua. Ukubwa wake ni karibu mita za mraba 465. Pikseli moja ya Landsat ni mita za mraba 900, kwa hiyo ndani yake zinaingia karibu ploti mbili. Mtu akikuletea picha ya Landsat na kudai inathibitisha kwamba maji yaliishia kwenye ua wako, usikubali. Picha hiyo haiwezi kuuona ua. Sentinel-2 inaigawa ploti hiyo katika pikseli nne au tano. Hapo unaweza kusema maji yalifika kwenye ploti, lakini huwezi kuamua kesi ya mpaka kati ya majirani wawili.

Kompyuta inajuaje kwamba hapa ni maji? Maji hurudisha mwanga wa kijani kidogo, na miale ya infraredi ya karibu, ambayo jicho haliioni, huimeza karibu yote. Majani mabichi hurudisha infraredi kwa wingi. Tuseme pikseli moja imerudisha asilimia 6 ya kijani na asilimia 2 ya infraredi. Toa 2 kwenye 6, unapata 4. Jumlisha 6 na 2, unapata 8. Gawanya 4 kwa 8, jibu ni 0.5. Pikseli ya pili imerudisha asilimia 8 ya kijani na 40 ya infraredi: hasi 32 gawanya kwa 48, karibu hasi 0.67. Ya kwanza, yenye jibu chanya, ni maji; ya pili, yenye jibu hasi, ni majani. Kanuni hii ilichapishwa mwaka 1996 na hadi leo inatumika duniani kote.

Ugumu huanza pale ukingoni penyewe. Maji ya Baringo ni ya tope, na tope hurudisha infraredi, kwa hiyo maji halisi yanaweza kuhesabiwa kuwa nchi kavu. Dawa yake ni kutumia infraredi ya mawimbi marefu zaidi, ambayo maji huimeza hata yakiwa machafu. Halafu kuna miti ya mathenge. Ziwa likipanda haraka, miti hiyo hubaki imesimama ndani ya maji na matawi yake juu, na setilaiti inayotazama kutoka angani huona matawi tu. Naivasha kuna mafunjo na gugumaji. Upepo ukisukuma zulia la gugumaji hadi upande wa pili, ukingo kwenye picha unaonekana umehama, na ziwa halijaongezeka hata sentimita moja.

Mawingu nayo hutukosesha picha hasa katika msimu wa mvua za masika, wakati ambao ziwa linajaa. Hapo tunageukia rada ya Sentinel-1, ambayo mawimbi yake hupenya mawingu na huona hata usiku. Picha za Landsat 7 za baada ya Mei 2003 zina mistari mitupu kwa sababu kifaa chake kimoja kiliharibika, nasi hujazia kwa picha za tarehe za karibu.

Kwa hiyo zile picha mbili za "kabla na baada" zinazozunguka kwenye WhatsApp zitazame kwa tahadhari. Ukilinganisha Februari ya mwaka wa ukame na Mei ya mwaka wa mvua, hata ziwa lililotulia litaonekana limevamia mji. Uliza tarehe zote mbili kabla ya kusambaza.

Jambo lingine ni mteremko. Ufuo unaopanda mita moja kwa kila mita 200 ukiongezewa mita moja ya maji, ukingo unasogea mita 200 kuelekea nchi kavu. Kwenye jabali, mita hiyo hiyo moja haitaonekana kabisa kwenye picha. Ndiyo maana upande mmoja wa ziwa watu wanahama na upande mwingine wanashangaa kelele ni za nini.

Ningependa ofisi za ardhi ziache kutegemea mstari mmoja wa buluu kama mpaka wa ziwa. Ramani yenye manufaa ni ile inayoonyesha, kwa kila pikseli, imekuwa maji mara ngapi tangu miaka ya 1980. Ramani ya namna hiyo ya dunia nzima ipo mtandaoni bila malipo, imetengenezwa na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya kwa picha za Landsat. Sehemu iliyokuwa maji asilimia 30 ya wakati ni sehemu ya ziwa, hata kama leo ina hati, mahindi na kisima.

Hata hivyo lazima tuhakikishe kwa miguu, na hapo wakazi wa ukingoni hutusaidia sana. Piga picha mahali maji yalipoishia, ukiwa umewasha lokesheni kwenye simu, na uhifadhi tarehe. Kama kuna mafunjo au mathenge mbele yako, piga pia picha inayoonyesha kama chini yake pana maji au pamekauka. Wavuvi na wazee wanaokumbuka maji yalifika wapi miaka ya nyuma tunawaomba watuonyeshe mahali penyewe ili tupime kwa GPS, kwa kuwa picha za setilaiti za eneo letu za miaka ya 1980 na 1990 ni chache mno.