Je, wapigania uhuru wote wa India waliikataa vita ya Mwingereza?

Wengi tumekua tukiamini kwamba Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, wapigania uhuru wa India walikuwa kitu kimoja: wote walikataa kumsaidia Mwingereza, na aliyemsaidia alikuwa kibaraka. Imani hiyo inaeleweka, maana vuguvugu la Agosti 1942 la kumtaka Mwingereza aondoke lilitikisa nchi nzima.

Lakini tuanzie Septemba 1939, India ilipoingizwa vitani bila viongozi wake kuulizwa. Chama kikubwa cha wazalendo, Congress, kilijitoa katika serikali za majimbo, huku ndani yake kukiwa na mvutano mkali. Wapo waliouchukia ufashisti, yaani siasa ya kidikteta ya Ujerumani na Italia, na waliokuwa tayari kusaidia wakiahidiwa uhuru. Wapo waliokataa vita ya aina yoyote kwa imani yao. Wengine waliona shida ya Mwingereza ndiyo nafasi yao. Wakomunisti nao waliipinga hadi Ujerumani ilipouvamia Muungano wa Kisovieti Juni 1941, kisha wakaiita vita ya umma. Na Wahindi zaidi ya milioni 2 walijiunga na jeshi, wengi wakihitaji mshahara. Baadhi walipigana Keren, Eritrea, mwaka 1941. Kuwaita wote vibaraka ni kuwaonea.

Ukikutana na dai la namna hii, tazama tarehe kwanza: msimamo wa chama kilekile mwaka 1940 na 1942 huweza kupingana. Kisha tafuta maktabani au kwenye intaneti azimio lenyewe la wakati ule, kabla ya kutegemea hotuba zilizotolewa baada ya uhuru.