Disleksia: mtoto akili anayo, mbona akishika kitabu hatulii?

Tunaishi Masaka, Uganda. Mwanangu wa darasa la nne akisimuliwa hadithi anaishika yote, lakini akifungua kitabu macho yako dirishani. Mwalimu anasema ni mvivu. Ni kweli?

Sidhani, na hilo la hadithi ni dalili nzuri. Disleksia ni ugumu wa kusoma na kuandika unaotokana na jinsi ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha. Si upungufu wa akili. Wenzake huyatambua maneno mara moja, yeye hulifumbua kila neno kwa jasho. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamtoka. Mtoto aliyechoka namna hiyo ataangalia wapi kama si dirishani?

Kwa hiyo umakini wake ni mzima?

Si lazima. Baadhi ya watoto wenye disleksia wana pia ADHD, yaani tatizo la umakini na utulivu. Mchunguzeni mbali na vitabu. Mwenye disleksia peke yake hutawanyika zaidi mbele ya maandishi. Mwenye ADHD hutawanyika hata mezani, mchezoni au akitumwa dukani.

Kumbukumbu ya muda mfupi nayo mara nyingi ni dhaifu. Ukimwambia "funika kitabu, toa daftari la hesabu, nakili ya ubaoni", atatekeleza la kwanza na kusimama. Hiyo si jeuri. Mpe agizo mojamoja.

Mbona darasa la tatu alikuwa na nafuu?

Chini ya mtaala ulioanza 2007, shule nyingi hufundisha kwa lugha ya nyumbani hadi darasa la tatu, kisha Kiingereza hushika usukani. Kiganda huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, hivyo huko shida yake ilionekana kama polepole tu. Tahajia ya Kiingereza haina huruma hiyo.

Kuna dawa au miwani?

Apimwe macho na masikio kwanza, lakini miwani haitibu disleksia, wala dawa yake haipo. (Za ADHD zipo, na ni za kuandikiwa na daktari.) Kinachosaidia ni kufundishwa sauti na herufi zake kwa mpangilio, kidogokidogo, kila siku.

Na mtihani wa darasa la saba?

UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ila shule ndiyo inayowatambulisha wakati wa usajili. Muone mwalimu mkuu mapema, ukiwa na ripoti ya mtaalamu mkononi.