Kambare wa bwawani: dhana zinazomrudisha mvuvi na kapu tupu

Nenda ukingoni mwa bwawa la Hombolo kule Dodoma, au kwenye lambo lolote la kunyweshea ng'ombe, utamkuta mtu ana kopo alilolifunika kwa jani. Ndani mna utumbo wa kuku wa siku tatu. Muulize kwa nini, atakujibu bila kusita kwamba kambare hapendi kizuri, anataka uvundo. Na mimi nilifundishwa hivyo. Nimebeba makopo ya namna hiyo miaka mingi kabla ya kuanza kuangalia wenzangu waliokuwa wanapata samaki wanatumia nini.

"Chambo kikioza ndiyo kambare anakuja"

Dhana hii ina chembe ya ukweli, na ndiyo maana haifi. Kambare ana sharubu nane, jozi nne, na zote zimejaa vionjo kama ulimi wa mtu. Hata ngozi yake isiyo na magamba inaonja. Kwenye maji ya tope, mahali ambapo macho hayamsaidii, anatafuta chakula kwa kuonja njia nzima. Sasa samaki mwenye ulimi mkubwa namna hiyo ndiye tunayemdhania hachagui?

Kinachomvuta ni damu, mafuta na majimaji ya kitu kibichi. Utumbo uliooza umeshapoteza sehemu kubwa ya hivyo, tena umelegea: ukirusha mshipi, chambo kinachomoka hewani na ndoano inatua tupu. Utakaa saa nzima ukilinda chuma.

Maini mabichi ya kuku ni mazuri mno, lakini nayo ni laini. Yakate vipande vya ukubwa wa kidole gumba, yanyunyizie chumvi, yaache kivulini mpaka yakaze kidogo, kisha yafunge kwenye ndoano kwa uzi wa kushonea, mizunguko mitano au sita. Hapo hayachomoki hata ukirusha mbali. Minyoo iunganishe mitatu minne kwa pamoja, mikia ikining'inia. Kipande cha perege mbichi kiache na ngozi yake, na ndoano ipite kwenye ngozi.

Kama bado unaamini uvundo, angalia wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria. Wao hutumia vifaranga vya kambare kama chambo, na wanavitaka hai, kwa sababu hudumu kwenye ndoano muda mrefu.

Na sabuni? Wengi hucheka wakisikia, ila sabuni ya mche inanasa kambare kweli. Siri yake ni mafuta yanayoyeyuka polepole. Inafaa hasa kwa ndoano unazoziacha usiku kucha, maana haichomoki upesi na samaki wadogo hawaimalizi kwa kuidonoa.

"Ukiwa na chambo kizuri, kaa popote, atakifuata"

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasimame kidogo, kwa sababu nadhani kosa hili linatunyima samaki kuliko yote. Mtoni, maji yanatembea na yanaibeba ladha ya chambo. Kambare aliye chini ya mkondo ataionja na kuifuata. Kwenye lambo hakuna mkondo. Ladha inasambaa taratibu mno kuzunguka ndoano, na samaki aliye ng'ambo hatajua kamwe kwamba uliweka maini. Bwawani, wewe ndiye unayemfuata.

Utamfuata kwa kuutazama upepo. Upepo ukivuma mchana kutwa unasukuma maji ya juu kuelekea ukingo mmoja, pamoja na wadudu, mbegu na majani. Samaki wadogo wanafuata chakula hicho, kambare anawafuata wao. Watu wengi hukaa upande wenye utulivu kwa kuwa boya linaonekana vizuri. Mimi nakaa upande unaopigwa na viwimbi, hata kama vumbi linaniumiza macho. Kiangazi pale Dodoma upepo huvuma sana kutoka mashariki, kwa hiyo ukingo wa magharibi ndio wa kuanzia.

Halafu tengeneza harufu yako mwenyewe. Changanya pumba za mahindi na mashudu ya alizeti, lowesha, finyanga madonge ya ukubwa wa chungwa, tupa matatu au manne mahali pamoja, na ndoano itue palepale. Usitupe kapu zima, utamshibisha.

"Kambare ni samaki wa kilindini"

Wanaoamini hivi hurusha mshipi kwa nguvu zao zote mpaka katikati ya bwawa, na huku samaki yuko karibu na miguu yao. Bwawa lililotulia wakati wa joto mara nyingi huwa na hewa kidogo sana chini. Kambare anavumilia hali hiyo, kwa kuwa juu ya mashavu yake ana kiungo chenye matawi mekundu kama kichaka kidogo kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu. Lakini perege na furu anaowala hawana kiungo hicho, hivyo hawakai huko. Ataenda kilindini kula nini?

Jioni anasogea kwenye majani ya ukingoni, maji yasiyofika goti. Mvua za kwanza zikinyesha ndiyo kabisa: hutoka usiku kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, na huo ndio msimu kumbikumbi wanapodondoka bwawani. Nimewahi kusimama gizani nikisikia "mchwap, mchwap" hatua tano kutoka nilipo, kumbe ni kambare wanafagia kumbikumbi juu ya maji, midomo wazi. Usiku ule waliokuwa na machubwi mazito, yaani vizito vya kuzamishia mshipi, hawakupata kitu. Ulihitajika mshipi mwepesi, boya dogo na kumbikumbi wawili watatu kwenye ndoano, kiganja kimoja tu chini ya maji.

Wapo wanaosema havuliwi mchana. Anavuliwa. Maji yakiwa ya tope au mbingu ikiwa na mawingu mazito, anakula saa sita kama kawaida. Kwenye maji maangavu na jua kali ndipo inapobidi kusubiri jioni.

"Kambare ni kiziwi, ongeeni tu"

Maongezi ya kawaida hayana shida kubwa. Shida ni miguu. Samaki wa ukoo huu wana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio, na wanasikia mtikisiko kuliko samaki wengi. Ukitupa ndoo chini au ukikimbia ukingoni, wale waliokuwa kwenye majani ya karibu wameondoka.

"Boya likitikisika, vuta"

Subiri. Perege hudonoa na boya hurukaruka. Kambare huchukua chambo mdomoni na kutembea nacho: boya linaanza kusafiri kando, taratibu, kama linavutwa na uzi, kisha linazama bila kurudi. Vuta hapo, kwa mkono imara. Ukichelewa sana, atakuwa amemeza mpaka tumboni, na kama ni mdogo ulitaka kumrudisha majini, huyo hataishi.

Watu husema pia kwamba kwa kuwa mdomo ni mkubwa, ndoano kubwa ndiyo inayofaa. La maana ni iwe kali, kwa sababu taya lake ni gumu, na ncha yake ibaki nje ya chambo. Ndani ya mdomo kuna meno madogo yaliyosongamana kama msasa ambayo husaga nailoni nyembamba, kwa hiyo futi moja ya mwisho tumia nailoni nene.

Ukishampata wa kwanza, mpasue tumbo palepale kabla ya kuweka chambo kingine. Kuna siku nilikuta maganda ya konokono yamejaa tele, na mimi nilikuwa nahangaika na minyoo. Nilivunja konokono wa ukingoni, nikaweka nyama yake, na jioni ile niliondoka na wanne.

Unapomshika, usiogope sharubu. Hizo ni laini, hazichomi mtu. Kinachochoma ni miiba miwili ya mapezi ya ubavuni, nyuma ya kichwa, ambayo huisimamisha akikasirika, na ina meno kama msumeno. Mkandamize kichwa kwa kitambaa kilicholowa, vidole vikipita nyuma ya miiba hiyo kila upande, ndipo utoe ndoano kwa koleo. Na kama uko bwawa la Mtera, fanya kazi hiyo mbali na maji, maana mamba wa pale nao huja ukingoni saa hizohizo.