Umehamia ng'ambo baada ya kustaafu? Hivi ndivyo utakavyochota pensheni yako

Saa nne asubuhi hapa Kisumu ni saa nane usiku kule Texas. Mama mmoja, karani mstaafu wa kiwanda cha sukari aliyekwenda kukaa na wajukuu, alikuwa macho akinisikiliza kupitia simu ambayo mwanawe aliilaza mezani kwangu. Pesa zake zilikuwepo zote. Kilichokwama ni namba ya siri ya kuthibitisha malipo: ilikuwa ikitumwa kwenye laini aliyoiacha kwenye droo nyumbani Mumias, na laini ilishafungwa zamani.

Kuhama hakukupotezei mafao. Katika mpango wa pensheni hapa Kenya, ukistaafu unaruhusiwa kuchukua hadi thuluthi moja taslimu. Thuluthi mbili zinazobaki ndizo zenye uamuzi mzito. Unaweza kununua pensheni ya maisha kwa kampuni ya bima, ulipwe hadi siku ya kufa, lakini ukishainunua hakuna kurudi nyuma. Au unaziweka kwenye mfuko wa kuchota uliosajiliwa na Mamlaka ya Mafao ya Uzeeni, RBA. Humo pesa huendelea kuwekezwa, nawe unachota isiyozidi asilimia 15 ya salio kwa mwaka, kwa muda usiopungua miaka 10. Ukifariki, kilichobaki huwaendea wale uliowaandika.

Tuseme akiba yako ni milioni 6. Umechukua milioni 2, zimebaki 4. Asilimia 15 ni 600,000 kwa mwaka, yaani 50,000 kwa mwezi. Zinabaki milioni 3.4. Mfuko ukizaa hata asilimia 10, mwaka wa pili unaanza na milioni 3.74, na kiwango chako cha juu kinashuka hadi 46,750 kwa mwezi. Kila mwaka kinapungua hivyo hivyo. Ndiyo maana huwa namsihi anayehama asichote kiwango chote miaka ya mwanzo, hasa akiwa bado ana nguvu na watoto wanamsaidia.

Tena mkaazi wa ng'ambo ana jambo ambalo jirani yake aliyebaki Nyalenda, hapa Kisumu, hana: thamani ya shilingi. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu 129. Shilingi 50,000 zile zile zilikuwa dola 312 hivi, kisha zikawa 387. Kodi ya nyumba kule haingoji shilingi ipate nguvu.

Kabla ya kupanda ndege, fungua akaunti ya benki kwa jina lako mwenyewe, lililoandikwa sawasawa na kwenye kitambulisho, uwape wasimamizi wa mfuko namba ya simu na barua pepe utakazozitumia huko. Tafadhali usielekeze malipo kwenye simu ya mpwa, hata awe mwaminifu namna gani. Ukiombwa cheti cha kuthibitisha uhai, ubalozi wa Kenya unaweza kukusaidia. Anayekushughulikia nyumbani mpe hati ya uwakili iliyosajiliwa, mkijua kwamba nguvu yake inakoma ukifariki.

Kijana aliondoka na fomu ya kubadilisha mawasiliano. Kabla hatujakata simu, mama aliuliza kama jina la marehemu mumewe libaki kwenye fomu ya warithi. Hapana, mama. Liondoe, uandike walio hai, na uambatishe nakala za vitambulisho vyao.